Kutoka Basi 142 hadi Kibanda cha Proenneke: Julai Yetu Alaska

Kila mazungumzo ya kuuacha mji na kuhamia porini huishia kwa watu wawili, na wote wawili pori lao lilikuwa Alaska. Christopher McCandless aliingia msituni karibu na Healy mwezi wa Aprili 1992 akiwa na miaka 24, na haikutimia miezi minne akawa amekufa kwa njaa. Richard Proenneke alijenga kibanda cha magogo kando ya Twin Lakes mwaka 1968, akiwa na miaka 52, akaishi hapo karibu miaka 30. Mimi na mwenzangu tulikwenda kuona sehemu zote mbili. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, nikisaidiwa na picha za simu na daftari lililolowa mvua kurasa za katikati. Bei nilizotaja ni zile nilizoziandika siku ile ile, zilizofutika nimeziacha.

9 Julai, Fairbanks

Ndege ilitua saa sita usiku na jua ndiyo kwanza linataka kuzama. Hosteli ilikuwa dola 45 kwa kitanda, chumba cha watu sita. Njoo na kitambaa cha kufunika macho, maana Julai ya kule haina giza la kukulaza.

Asubuhi tulipanda kilima hadi Makumbusho ya Kaskazini ya Chuo Kikuu cha Alaska. Hao ndio waliokabidhiwa Basi 142, basi alimofia McCandless. Lenyewe hatukuliona, lilikuwa mikononi mwa mafundi wa kuhifadhi vitu vya kale. Lakini mama mmoja wa pale, aliposikia tumetoka mbali kiasi gani, aliacha dawati lake akakaa nasi kwenye benchi akatuhadithia kwa utulivu.

Ni International Harvester la miaka ya 1940, na lilibeba abiria humo humo mjini Fairbanks. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya ujenzi ililikokota hadi njia ya Stampede, ile ya porini karibu na Healy, liwe malazi ya wajenzi wa barabara, likatiwa vitanda na jiko la kuni. Kazi ilipokwisha likaachwa huko huko, likawa mahali pa wawindaji kujisitiri. Tarehe 18 Juni 2020 helikopta ya Chinook ya Walinzi wa Taifa wa Alaska ililing'oa. Ilibidi watoboe paa na sakafu ili minyororo ipite. Ndani walikuta sanduku lenye thamani kubwa kwa familia ya kijana, wakalihifadhi ili familia irudishiwe.

Nilimuuliza kwa nini waliliondoa baada ya miaka yote ile. Akajibu kwamba watu walikuwa wanakufa. Mwanamke kutoka Uswisi alisombwa na Mto Teklanika, unaovukwa kwenda lilipokuwa basi, mwaka 2010, na mwingine kutoka Belarusi mwaka 2019, tena huyu alikuwa ndiyo ameolewa karibuni. Zaidi yao kuna wengi waliookolewa wakiwa hoi.

Kwa hiyo wewe utakayefuata: kule Stampede hakuna tena basi. Usivuke mto kwa ajili ya eneo tupu.

10 Julai, Fairbanks hadi Healy

Ni kama kilometa 177 tu, lakini majira ya joto ni mafupi na barabara zote hutengenezwa wakati mmoja. Tulisimamishwa karibu saa nzima tukisubiri gari la kuongoza msafara. Dada aliyeshika kibao cha kusimamisha magari aliona tunavyojipiga makofi shingoni kwa mbu, akaja hadi dirishani akatupa kopo lake la dawa. Tulipotaka kumrudishia alikataa, akasema kwao zipo tele.

Healy ni mji mdogo wa makaa ya mawe. Chumba dola 170, na hicho ndicho kilikuwa cha bei nafuu tulichopata. Baga na viazi dola 22. Nje ya mgahawa mmoja limewekwa basi la mfano lililotumika kwenye Into the Wild, filamu ya mwaka 2007 kuhusu McCandless, na ndani yake zimetundikwa picha za kijana mwenyewe. Unaingia bure, unakaa, unasoma. Mwenzangu alitoka haraka. Mimi nilibaki mbele ya ile picha ambayo ameegemea basi anacheka, miguu ameikunja, kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda.

Alimaliza Chuo Kikuu cha Emory mwaka 1990, akalitolea shirika la misaada la Oxfam akiba yake ya kama dola 24,000, akaliacha gari lake katika jangwa la Arizona na kuchoma noti zilizobaki mfukoni. Wazazi hawakujua alipo. Alizunguka miaka miwili kwa lifti na vibarua, na watu walimpenda. Pale Carthage, Dakota Kusini, alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka, na bosi wake wa pale aliendelea kupokea kadi zake za posta. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi humwita mtu aliyewachukia wenzake, na maisha yake hayasemi hivyo.

11 Julai, njia ya Stampede

Mwenye nyumba tuliyolala, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikataa tusikodi gari. Alitupeleka mwenyewe kwa pikapu, lami ikaisha, kokoto zikaanza, hadi karibu na ziwa la Eight Mile ambako njia inageuka kuwa dimbwi refu. Akatoa nyuma ya gari jozi mbili za buti za mpira akasema, "Vaeni. Hapa kiatu cha duka ni cha nusu saa."

Nilishtuka kidogo. Tarehe 28 Aprili 1992, fundi umeme aliyempa McCandless lifti hadi mwanzo wa njia hii alimwona hana vifaa, akajaribu kumshawishi aahirishe, na aliposhindwa akamlazimisha apokee buti zake za mpira na chakula chake cha mchana. Mzigo wa kijana ulikuwa mchele kama kilo nne na nusu, bunduki ndogo na vitabu. Ramani ya maana hakuwa nayo.

Tulitembea hadi miguu ikachoka, tukiimba kwa sauti ili dubu atusikie mapema. Matope, vichaka vya kufika kiunoni, kisha uwazi mkubwa wenye milima ya Alaska Range upande wa kusini. Tuligeuka kabla ya kufika Mto Savage, kama tulivyokubaliana na mzee.

Alikuwa anatungoja palepale na chupa ya chai. Njiani kurudi alitueleza habari ya musi, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi. Juni ile McCandless alimpiga mmoja, akahangaika siku kadhaa kuibanika nyama kwa moshi, ikamwingia funza. Aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba anajuta kumuua. Alikuwa ameelekezwa na wawindaji wa Dakota Kusini. Mzee aliacha usukani kwa mkono mmoja akatuonyesha kwa vidole unene wa ukanda wa nyama unaopaswa kukatwa: mwembamba kuliko kidole kidogo, kisha unaanikwa kwenye upepo. "Mtu yeyote wa huku angemwonyesha kwa dakika kumi," alisema. Hakusema kwa dharau. Alikuwa na huzuni kama ya mtu anayemzungumzia kijana wa jirani.

12 Julai, Mto Teklanika ukiwa darajani

Njia salama ya kuuona mto huu ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Denali. Kiingilio ni dola 15 kwa mtu, na tiketi ya basi la hifadhi dola thelathini na kitu. Gari binafsi mwisho wake ni maili ya 15. Basi nalo siku hizi linaishia maili ya 43, kwa sababu tangu Agosti 2021 barabara imekatwa na maporomoko ya ardhi ya Pretty Rocks. Chukua basi la asubuhi na ukae upande wa kushoto.

Daraja la Teklanika liko maili ya 31, juu zaidi ya pale kijana alipojaribu kuvuka. Tulishuka kwenye kituo cha jirani. Mto umetandaa kwenye kokoto, mikono mingi inayogawanyika na kukutana tena, maji rangi ya saruji. Ukisogea karibu unasikia mawe yanagongana chini ya maji. Nilichovya mkono, na baada ya kuhesabu hadi ishirini vidole havikuwa vyangu.

Hapo ndipo kisa kizima kinaeleweka. Maji haya yanatoka kwenye barafu ya milimani. Mwishoni mwa Aprili barafu haijayeyuka, mto ni mdogo, unavukwa. McCandless aliuvuka hivyo. Mwanzoni mwa Julai akaamua kurudi kwa watu: alikunja vitu vyake, akatembea hadi mtoni, akakuta ukuta wa maji. Hata ndani ya siku moja mto hupanda na kushuka: asubuhi una nafuu, jioni baada ya jua kuichoma barafu unajaa. Yeye alirudi kwenye basi. Mahali si mbali kufuata mkondo palikuwa na kikapu cha chuma kinachoning'inia kwenye waya, kilichotumiwa na wapimaji wa maji, ambacho kingemvusha. Ramani nzuri ingemwonyesha. Alifariki katikati ya Agosti, na wawindaji wa musi wakamkuta tarehe 6 Septemba, mwili ukiwa na uzito wa kama kilo 30. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu mbegu za mmea alizokula na kama zilimdhuru. Mimi niliyesimama pale nasema mto ndio uliomfungia, pamoja na ukweli kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa amepewa tarehe ya kumtazamia.

13 na 14 Julai, Anchorage

Kilometa 400 za basi kutoka Healy, nilizolala karibu zote. Kesho yake tulifika uwanja wa ndege ndogo saa moja asubuhi, turuke kwenda Port Alsworth, kijiji cha Hifadhi ya Lake Clark ambako safari ya Twin Lakes huanzia, na mifuko yetu ikapimwa, na sisi wenyewe tukapimwa. Ukungu ulikuwa umeziba Lake Clark Pass, ambalo ndilo bonde ndege hupita katikati ya milima. Saa nne, bado. Saa nane, bado. Saa kumi rubani akaja kutuambia turudi kesho. Hakuna fidia ya hoteli, wala hakuna anayelalamika. Waliokuwa wakisubiri nasi walikuwa na makasha ya mayai na tairi la baiskeli, wakaviacha palepale wakaenda zao.

Weka siku mbili za ziada kila upande wa safari ya Lake Clark, na usikate tiketi ya kurudi nyumbani kwa siku ile ile unayotoka porini. Nauli ya kwenda na kurudi Port Alsworth ilitutoka zaidi ya dola 500 kila mmoja. Gesi ya kupikia hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria. Ulizia mapema namna ya kuipata ukifika.

15 Julai, Port Alsworth

Ukungu uliondoka. Bondeni tulipita kati ya kuta za mawe na mito ya barafu inayoning'inia juu yetu, karibu kiasi cha kuona nyufa zake za bluu. Hifadhi ya Taifa ya Lake Clark haina barabara hata moja ya kuingilia, wala haina kiingilio. Kijiji kilianzishwa miaka ya 1940 na rubani Babe Alsworth na mkewe Mary, na Babe ndiye aliyekuwa akimpelekea Proenneke mizigo na barua.

Kituo cha wageni walituazima bure makopo magumu ya kuhifadhia chakula kisinuswe na dubu. Familia iliyoturuhusu kusimika hema uani ilitupa samoni aliyekaushwa kwa moshi, amefungwa kwenye gazeti. Nilitoa dola 20. Baba wa nyumba alizirudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake.

Ndege ya kutua majini hukodiwa nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo tafuta wenzako wa kuchangia. Sisi wawili tuliibeba gharama yote, ikapita dola elfu. Kabla ya kuondoka rubani aliandika majina yetu ubaoni ofisini, na mbele yake siku na saa ya kutuchukua. Dawa ya kumpulizia dubu haipandi ndani. Aliifungia kwenye moja ya yale maboya marefu ambayo ndege hukalia majini.

16 hadi 18 Julai, Twin Lakes

Injini ilipozimwa ziwani, kwa muda tulisikia maji tu yakipiga boya. Kisha mbu.

Kibanda kipo mita chache kutoka ufukweni, nyuma yake misonobari. Ni kidogo kuliko nilivyokiona kwenye picha. Mzee wa kujitolea anayekitunza wakati wa kiangazi alitufungulia akatuambia tusiwe na haraka, naye akakaa nje.

Proenneke alikuwa fundi seremala wa jeshi la maji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadaye fundi wa injini za dizeli. Alikata magogo mwaka 1967, akayaacha yakauke, akarudi mwaka uliofuata kujenga, akilala kwenye kibanda cha rafiki yake jirani. Shoka, patasi, keekee na vyuma vingine alivileta bila mipini ili kupunguza mzigo, mipini akaichonga hukohuko. Nilipitisha vidole kwenye pembe ambako magogo yanakutana. Kila gogo limechongwa mdomo wa mviringo uliolala juu ya mwenzake hata kucha haipiti. Mlango umekatwa vipande viwili, wa juu na wa chini, na bawaba zake ni za mbao, nene kama kifundo cha mkono. Komeo nalo ni la mbao. Mwenzangu, ambaye baba yake ni seremala, alifungua na kufunga mlango ule mara nyingi hadi mzee akacheka.

Mabeseni, sufuria za mkate na masanduku yake aliyatengeneza kwa madebe ya mafuta, mengine yaliyotupwa na wawindaji. Paa ni udongo na kuvumwani, chini yake plastiki. Hilo la plastiki nalipenda sana. Hakuwa na ugomvi na kitu chochote kilichotengenezwa na watu, mradi kina kazi. Alikuwa na kamera akijirekodi akijenga, na alipima baridi na kuiandika, akawahesabu kondoo wa milimani na dubu. Ndege ilipokuja na maharage, unga na sukari, iliondoka na barua zake. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1980, ikamkuta, na maofisa wake wakawa rafiki zake.

Usiku wa pili mvua ilinyesha mfululizo, na mzee alitualika kwenye kibanda chake tukaushe soksi. Nilimwambia ninachokiona: kwamba huyu aliyedumu miaka 30 hakuwahi kuwakata watu, ila aliwaweka mbali kwa umbali anaoumudu, na kwamba upweke wake ulikuwa na rubani, posta na ujuzi wa kazi ya mikono wa miaka thelathini kabla ya kuuanza. Akafikiri. Akasema nisisahau kwamba waliotangulia hapa hawakuja peke yao kabisa. Wadena'ina wameishi nchi hii maelfu ya miaka kwa familia na koo, na njia yao ya kale kutoka ziwa la Telaquana kwenda Lake Clark inapita karibu na maziwa haya. Kwao hapa palikuwa nyumbani, na hakuna mtu wao aliyeona fahari kukaa peke yake wakati wa baridi.

Sina la kuongeza kwenye jibu hilo, na nimelifikiria tangu siku ile.

Kambi ipo karibu na kijito cha Hope. Chemsha maji hata kama yanang'aa. Chandarua cha kichwani ni lazima, si anasa. Ukiwa na siku yenye jua, panda njia inayokwenda kwenye mwamba unaotikisika. Ukiusukuma kwa mikono miwili unacheza kweli, na kutoka hapo unaona ziwa chini yako lote.

19 Julai, kurudi

Rubani alichelewa kwa muda wa saa tano kwa sababu ya upepo, na hatukuwa na wasiwasi, kwa kuwa jina letu lilikuwa ubaoni. Alimletea mzee magazeti, vitunguu na betri, akapokea bahasha tatu na mfuko wa takataka. Proenneke naye aliondoka hapa kwa mara ya mwisho akiwa na miaka 82, baridi ilipomzidi nguvu, akaenda kuishi na ndugu yake California, akafariki huko Aprili 2003.

Kwa bei, sehemu ya Twin Lakes peke yake ilimeza zaidi ya nusu ya fedha zetu zote. Ukilazimika kuchagua moja, acha Healy, punguza Anchorage, nenda huku. Weka nafasi ya ndege miezi kadhaa kabla. Mwenzangu ameshaanza kuulizia Septemba, mbu wanapopungua na majani yanageuka mekundu. Tumeambiwa tuhakikishe kwanza na kituo cha Port Alsworth kama mtunzaji wa kibanda atakuwa bado yupo.